Ndoo Kumi na Nne za Mboji

Mwalimu alikuwa akipiga pasi hata nguo za kuchotea samadi. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye waliishi naye nyumba moja, alisema huo ni wazimu uliokwenda shule. Mwalimu alimjibu kwamba samadi haina macho, lakini majirani wanayo. Basi kila siku saa moja na nusu asubuhi alitokea mlango wa nyuma, ovaroli ya bluu imenyooka mstari hadi kwenye buti, kitambaa cha kichwa kimekazwa, koleo begani, akashuka ngazi saba kuelekea uani kama ofisa anayekwenda kukagua gwaride.

Alifundisha sayansi miaka thelathini na mmoja katika sekondari ya wasichana, na katika miaka yote hiyo alikosa kazini siku moja tu, siku aliyojifungua mtoto wa pili. Hata siku hiyo madaftari yalifika darasani yakiwa yamesahihishwa. Watoto wenyewe walishakua na kuhamia mbali. Walimpigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili aliwasahihishia sentensi.

Kilichowashangaza watu ni ndoa yake. Mwanamke mwenye shahada, aliyeposwa na mhasibu, akaposwa na mwanasheria, mwishowe akaangukia kwa fundi betri mwenye vidole vyeusi visivyotakata kwa sabuni yoyote. Mashoga zake walipomsuta aliwaambia, "Nyinyi mmeolewa na suti. Mimi nimeolewa na mikono." Na mikono hiyo haikumwaibisha. Karakana ya Fundi ilikuwa kwenye kiwanja cha juu, nyuma ya nyumba, pale mtaa unapokutana na msitu wa misonobari. Madereva walitoka mbali kumletea betri zilizokufa, kwa sababu Fundi akisema imepona, imepona. Akisema haiponi, usimbembeleze. Alipofariki kwa maradhi ya moyo alimwachia mkewe nyumba, karakana iliyofungwa kufuli, na jina lake. Mwalimu alilitunza jina kuliko nyumba.

Miaka miwili baadaye, msitu ukawaka.

Uliwaka siku tatu. Wazima moto waliziokoa nyumba zote, lakini moto ulilamba nyasi na nyua za mteremko mzima, na karakana iliteketea, betri kuukuu zilizorundikwa humo zikayeyuka pamoja na rafu zake. Wiki mbili baadaye ikaja mvua ya kwanza, mvua ya papara, ikayasomba majivu na kila kilichokuwamo hadi kwenye nyua nne zilizo chini. Watu wa manispaa walifika na magari, wakazoa vyuma, wakakwangua udongo wa juu pale karakana, wakazungusha utepe mwekundu. Waliacha karatasi: nyua zile nne zina madini ya risasi, watu wasile mboga za majani wala mizizi kutoka humo, watoto wasichezee vumbi lake.

Na udongo wenyewe ulikuwa umenuna. Moto uliuachia ngozi kama ya nta. Ukiumwagia maji, yanajiviringisha na kukimbia kama mgongoni mwa bata.

Chini kabisa ya mteremko aliishi Kinyozi, rafiki wa zamani wa Fundi. Kinyozi alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja na ndimi saba. Akasema mbele ya wateja wake, "Jamaa alituwashia magari miaka yote, sasa ametuzimia bustani." Watu wakacheka. Kicheko kilipanda mteremko kikamfikia Mwalimu kabla chai yake haijapoa.

"Mwache huyo," alisema Wifi. "Kinyozi akikosa nywele hukata watu."

"Simwachi. Alichosema ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli haifutwi kwa matusi. Inafutwa kwa kazi. Nyua zote nne zitaota tena, na zitaota kwa mkono wa nyumba hii. Sitaki mjukuu wa Fundi aje kuambiwa kwamba babu yake aliacha sumu, na bibi yake akakaa barazani anakunywa chai."

"Na hapo si unakunywa chai?"

"Nakunywa kwa haraka."

Ndivyo alivyoingia katika mambo ya mboji. Alisoma vitabu viwili, cha tatu akakikosoa pembeni kwa kalamu nyekundu. Alimpigia simu binti mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mpimaji katika maabara ya udongo ya mji. Kisha akajenga lundo uani, mbali na utepe mwekundu: tabaka la majani makavu, tabaka la maganda ya jikoni, tabaka la samadi ya kuku, tabaka la maranda kutoka kwa seremala, maji kidogo, kisha upya. Kila asubuhi alilichoma lundo kwa kipimajoto kirefu, akasoma, akaandika. Joto likifika nyuzi sitini alitabasamu. Likishuka chini ya arobaini alilipindua lundo lote juu chini, na Wifi akaitwa kusaidia.

"Wifi, mimi nilizaliwa niolewe, sikuzaliwa kugeuza takataka," alilalamika.

"Umeshaolewa mara tatu. Sasa geuza takataka."

Mshonaji, jirani wa ua wa pili, alikuja siku moja na mfuko wa maganda ya mayai, akasimama kutazama ule moshi mwembamba unaofuka lundoni. "Sasa Mwalimu, hii mboji itaila hiyo sumu?"

"Haiili. Inaikamata. Ni kama mama anayemshika mkono mtoto mtundu sokoni. Mtoto bado yupo, ila hapindui tena meza za watu. Madini yatabaki ardhini, lakini mizizi haitayapata kirahisi, na udongo ulioshikana haupeperuki ukaingia puani mwa watu. Maji yataanza kuzama. Nyungunyungu watarudi."

"Na mboga zangu za majani?"

"Hizo mpaka tupime. Kwa sasa panda vitu vinavyozaa juu, nyanya, maboga."

Sheria ya lundo ilikuwa moja, na aliisema mara nyingi kama kengele ya shule: chochote cha karakana kisiguse lundo. Si mbao, si kamba, si vumbi lake. Wifi aliitikia kwa kichwa kila mara.

Baada ya miezi minne mboji ikawa tayari, nyeusi, laini, yenye harufu ya ardhi iliyotoka kunyeshewa. Hapo Mwalimu akafanya kosa ambalo lingempatia mwanafunzi wake sifuri. Alijaza mboji kwenye kopo, akaandika tarehe, akaipeleka maabara. Ilimpasa asubiri majibu. Lakini mvua za kupandia zilikuwa mlangoni, na asubuhi ileile Kinyozi alipaza sauti kutoka kwenye uzio wake, "Shemeji, hiyo mboji ni ya kupandia au ya kuweka makumbusho?"

Mwalimu alikunja mikono ya ovaroli. Alichukua ndoo. Kufikia saa sita mchana ndoo kumi na nne zilikuwa zimeshuka mteremko: tatu kwa Kinyozi, nne kwa Mshonaji, saba kwenye nyua mbili zilizobaki. Mvua iliponyesha, kwa mara ya kwanza tangu moto, maji yalizama. Mke wa Kinyozi alipiga vigelegele. Kwa wiki mbili Mwalimu alitembea mtaani kama mama wa bwana harusi.

Alikwenda maabara kuchukua majibu akiwa amevaa gauni lake la mikutano. Nia yake ilikuwa kuipata karatasi yenye muhuri na kuibandika, kwa mkono wake mwenyewe, pembeni mwa kioo cha Kinyozi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema yule binti.

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana kama shati la jana?"

Binti alifunga mlango, akaweka karatasi mbili mezani. "Udongo wa uani kwa jirani yako wa chini, uliopimwa baada ya moto, madini ya risasi miligramu mia moja na themanini kwa kilo." Akasogeza karatasi ya pili. "Mboji yako, mia mbili na kumi."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Namba haikubadilika. "Rudia kipimo."

"Nimerudia mara tatu. Nilikuwa naomba mashine iwe mbovu."

"Kwa hiyo nimewagawia watu sumu kwa ndoo."

"Si ya kuua mtu, Mwalimu. Lakini si safi." Binti alishusha sauti. "Tunaweza kusema kopo lilimwagika. Utengeneze lundo jingine, ulete sampuli nyingine. Hakuna atakayejua."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, ule mtazamo uliowahi kunyamazisha mabweni. "Kwenye mtihani wa vitendo nilikupa ngapi?"

"Tisini na moja."

"Nitarudi kuzipunguza. Piga muhuri."

Ni rahisi kuwa jasiri mbele ya mwanafunzi. Njiani kurudi nyumbani, karatasi ikiwa ndani ya mkoba, ujasiri ulianza kupungua kila baada ya kona. Akilini alimwona Kinyozi akiwasimulia wateja, mkasi hewani. Alisikia kicheko kile kikipanda mteremko kwa mara ya pili, na safari hii kingekaa. Fundi alikosea kwa sababu msitu uliwaka. Mkewe msomi angekuwa amekosea kwa mikono yake, kwa koleo, mchana kweupe. Mboji kwa macho ilikuwa nzuri. Binti hangesema. Angeweza kuichana ile karatasi palepale, karibu na pipa la taka la posta, na jina la nyumba likabaki limesimama wima.

Tatizo lilikuwa wajukuu wawili wa Kinyozi. Walikuwa na mazoea ya kula nyanya bichi kama matunda, wima bustanini, bila kuosha.

Alimkuta Wifi jikoni akimenya viazi.

"Wifi, uliweka nini kwenye lundo?"

"Vitu vyako vyote. Majani, maganda, mavi ya kuku, jasho langu."

"Na kingine?"

"Majivu kidogo. Si watu wote wanatia majivu bustanini?"

"Majivu ya wapi?"

Wifi aliacha kumenya. Kisu kikatua mezani. "Ya meza ya kaka," alisema mwishowe. "Ile meza aliyokuwa akifanyia kazi. Kabla ya mvua, na kabla ya magari ya manispaa kuja, nilipanda juu, nikaikuta imebaki majivu tu pale pembeni, meupe, safi. Nikaona watamzoa kaka yangu kwa koleo wakamtupe jalalani. Nikayaweka kwenye debe. Halafu kila tukipindua lundo, natia kikombe. Nilisema angalau yaoteshe kitu."

"Nilikwambia chochote cha karakana kisiguse lundo!"

"Meza ile haikuwa ya karakana!" Macho ya Wifi yalijaa machozi. "Ilikuwa ya nyumbani kwetu. Baba aliichonga. Kaka aliichukua tu alipoanza kazi."

Mwalimu alikuwa na maneno tayari, yamepangwa kama ubaoni. Meza iliyonywa vumbi la betri miaka arobaini, nani asiyejua? Lakini alivuta kiti, akakaa, na maneno yale akayafuta yeye mwenyewe. Alimwona Wifi akipanda kwenye vifusi vya moto na debe lake, peke yake, kwenda kumchukua kaka yake.

"Nami niligawa kabla ya kupima," alisema. "Hapo tuko sare."

"Basi tunyamaze, wifi yangu. Si kidogo tu?"

"Kidogo. Na wale watoto wa kule chini nao ni wadogo."

Wifi alipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Haya, sema ni mimi. Waambie nyumba ile ina mjinga mmoja, ndiye aliyetia."

"Nyumba hii haina mjinga. Vaa viatu."

Mwalimu aliingia kwa Kinyozi saa kumi za jioni, saa ya wateja wengi, naye alijua. Watu watatu walikuwa kwenye benchi, wa nne kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Mwalimu alikuwa amekwisha kuvaa ovaroli yake, mstari umenyooka. Nje, Wifi alishika toroli.

"Karibu, Shemeji! Leo umekuja tukupunguze?"

"Nimekuja kuchukua mboji yangu."

"Umenipa na unaninyang'anya? Jamani, hata watoto hawafanyi hivyo."

"Ina madini ya risasi. Kuliko hata ua wako ulivyokuwa." Aliitoa karatasi akaiweka kwenye rafu, katikati ya vichanuo. "Soma. Soma kwa sauti, maana najua nikiondoka utaisoma hivyo hivyo."

Kinyozi alisoma. Alipofika kwenye namba, sauti yake ikapungua.

"Kosa ni la nyumba yetu," alisema Mwalimu. "Majivu kutoka karakana yaliingia lundoni, na mimi niligawa kabla ya kupima. Wajukuu wasile kitu cha bustani ile. Nitaichimbua mwenyewe, leo, kabla giza halijaingia."

Kinyozi aliweka mkasi chini. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe wa kwanza."

"Mimi? Mimi ndiye ungenificha mpaka mwisho!"

"Ukishajua wewe, nimeshawatangazia wote."

Benchi zima likaangua kicheko, na Kinyozi, baada ya kujaribu kununa, akacheka nao. Kisha akavua koti lake la kazi na kutoka nje, mteja wa kitini akimfuata na kitambaa shingoni, nusu upara, nusu nywele, kuja kushuhudia.

Walichimbua mpaka jua likawa jekundu. Mwalimu alichota udongo wa juu, mboji na miche yake, akaijaza kwenye magunia. Wifi aliambiwa asiseme neno, lakini kumwambia Wifi asiseme ni kumwambia kuku asiparue. Alikwisha kumsimulia mke wa Kinyozi habari yote ya debe na kikombe, akilia na kufagia kwa pamoja. Kinyozi alisimama kusikiliza.

"Meza ile ya mbao nene? Yenye droo isiyofunga?"

"Hiyo hiyo," alisema Wifi.

"Nimekula chakula cha mchana juu ya meza ile miaka kumi na mitano," alisema Kinyozi. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na koleo la pili.

Kesho yake wakamaliza nyua nyingine. Ndoo kumi na tatu na nusu zilirudi. Nusu iliyobaki Mshonaji alikuwa amempelekea mama mkwe wake, upande wa pili wa mji, na huyo mama alikataa katakata: zawadi hairudi. Mwalimu alikaa sebuleni kwake saa mbili nzima akimweleza madini ya risasi ni nini, akanyweshwa chai vikombe vitatu, akafunzwa namna ya kulea wakwe, na mwishowe akaondoka na mfuko wa mboji na mwaliko wa kurudi. Magunia yote yakachukuliwa na gari la manispaa, lile la vifusi vya moto, pamoja na lundo lililobaki na debe la Wifi. Wifi mwenyewe ndiye aliyelipandisha garini. Halikutupwa kwa koleo. Alilikabidhi kwa mikono miwili, na dereva, bila kujua ni nini, akalipokea kwa mikono miwili.

Lundo jipya lilikuwa na daftari limefungwa kwa kamba. Hakuna aliyetia kitu bila kuandika ni nini na kimetoka wapi. Watu walilalamika kwamba ni rahisi zaidi kuvuka mpaka wa nchi. Kinyozi aliandika, "Majani makavu, kutoka kwenye mti wangu, ambao haujawahi kushtakiwa." Mwalimu alimsahihishia koma.

Safari hii ndoo zilisimama chini ya turubai wiki tatu nzima, mvua ikinyesha na kila mtu akipiga kelele zipelekwe, mpaka karatasi ya maabara ilipokuja. Ilikuwa safi. Mwaka mmoja baadaye binti wa maabara alipima nyua zote nne. Madini yalikuwa yaleyale ardhini, kama Mwalimu alivyosema tangu mwanzo. Lakini yale ambayo mizizi iliweza kuyafikia yalikuwa yamepungua zaidi ya nusu, na katika ua wa Mshonaji walikuta nyungunyungu kila walipochoma koleo.

Asubuhi moja katika msimu huo, Mwalimu na Wifi walikuwa wakipita kwa Kinyozi na toroli limejaa. Dirisha lilikuwa wazi. Mteja mgeni, mtu aliyekuwa anatafuta kiwanja cha kununua mtaani hapo, alikuwa akiuliza kama ni kweli juu kule kulikuwa na karakana iliyomwaga sumu.

"Ni kweli," walisikia Kinyozi akijibu, mashine ikivuma. "Ni ya nyumba ile yenye ngazi. Hao watu wakikukosea, mzee, huwezi hata kupata muda wa kulalamika. Wanakuja wenyewe mlangoni na koleo. Inamisha kichwa."

Wifi alisimama katikati ya barabara, mkono kifuani. "Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mwalimu, akiitazama njia mbele yake, kidevu juu. "Shika toroli vizuri, linainama upande wako."